Ukuta wa Pili: Binti Mfalme, Mapenzi na Makosa ya Wahakiki wa Filamu za Korea

Utangulizi

Mwaka 1967 mwigizaji mashuhuri wa Korea Kusini, Choi Eun-hee, alielekeza filamu iitwayo Gongjunim-ui jjaksarang, yaani Mapenzi ya Upande Mmoja ya Binti Mfalme. Ni futuhi ya kihistoria. Binti mfalme wa enzi ya Joseon, aliyelelewa ndani ya kasri bila kujua lolote kuhusu maisha ya raia, anampenda msomi kijana na kutoka nje ya kasri ili kumfuata. Nafasi ya binti mfalme iliigizwa na Nam Jeong-im, ambaye alikuwa ameingia katika uigizaji wa filamu mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Katika historia ya sinema ya Korea filamu hii hutajwa pembeni, aghalabu kwa sentensi moja au mbili, kisha mwandishi akaendelea na mambo anayoyaona kuwa mazito zaidi.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba sentensi hizo moja au mbili zimepotoka, na kwamba upotofu wake unatokana na mazoea mabaya ya uhakiki ambayo hayako Korea peke yake. Kuna njia tatu za mkato ambazo huitwa usomaji wa filamu kama hii. Ya kwanza huiona kuwa ni kitu chepesi kilichoigwa kutoka Hollywood, kwa hiyo hakistahili muda wa msomi. Ya pili huisifu kuwa ni hadithi ya ukombozi: kasri ni gereza, mlango wake ni uhuru, na binti mfalme ni mwanamke aliyezinduka. Ya tatu haisomi filamu hata kidogo, bali husoma maisha ya mwelekezi wake na kuyatafuta ndani ya kila picha.

Njia zote tatu zina kasoro moja. Zinautazama ukuta wa kasri tu. Haziulizi binti mfalme anaingia wapi pindi anapoupita ukuta huo. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Makala haya yanadai kwamba nje ya kasri palikuwa na ukuta wa pili, yaani ukuta wa nyumba ya wakwe na wa daftari la ukoo, na kwamba Choi Eun-hee aliujua ukuta huo vizuri kuliko wahakiki wake. Filamu yake haieleweki mpaka ukuta huo wa pili uonekane.

Dai la uigaji

Hoja ya uigaji huendeshwa hivi. Roman Holiday, filamu ya mwelekezi William Wyler iliyotoka mwaka 1953, inasimulia habari za binti mfalme anayetoroka ziara rasmi mjini Roma, akatembea na mwandishi wa habari kwa siku moja, kisha akarejea kwenye wajibu wake. Filamu ya Choi ilitoka miaka 14 baadaye, nayo ina binti mfalme, ina kutoroka, na ina kijana asiye wa ukoo wa kifalme. Basi husemwa kwamba mwana kamfuata mzazi. Hoja ya aina hii inavutia kwa wepesi wake, maana humwepusha mhakiki na kazi ya kujifunza chochote kuhusu Korea.

Lau mhakiki huyo angefungua Samguk Sagi, kitabu cha historia ya falme tatu za kale ambacho Kim Bu-sik alikikamilisha mwaka 1145, angekuta humo habari za Ondal na binti wa Mfalme Pyeonggang wa Goguryeo. Mtoto huyo alikuwa akilia mno, na baba yake akazoea kumtania kwamba atamwoza Ondal, maskini aliyekuwa akichekwa na watu kuwa ni mjinga. Alipofikisha umri wa miaka 16, mfalme alitaka kumwoza katika ukoo wa mabwana wakubwa. Binti akakataa kwa hoja kwamba mfalme hasemi uongo, na kwamba alilolisema kwa mzaha limekwisha kuwa ahadi. Mfalme akakasirika, akamfukuza. Binti akajifunga bangili za thamani mkononi, akatoka kasrini peke yake, akatafuta nyumba ya Ondal, mahali ambapo mama kipofu na mwana mwenye mashaka walikataa kwanza kumpokea. Aliziuza bangili, akanunua mashamba, nyumba, watumwa, ng'ombe na farasi, na akamfundisha mumewe namna ya kuchagua farasi wa kufaa. Ondal akaishia kuwa jemadari.

Masimulizi haya yalikuwa yamekwisha andikwa zaidi ya miaka 800 kabla ya Wyler kupeleka kamera Roma. Hayadokezi kwamba Wakorea hawakuipenda Roman Holiday. Waliipenda. Yanachoonyesha ni kwamba watazamaji wa Seoul walimjua binti mfalme anayetoka nje tangu utotoni, nao walijua pia matokeo ya safari yake. Tofauti ya hadithi hizo mbili ni kubwa. Kwa Wyler, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: binti hurudi katika jengo rasmi alikotoka, na siku yake moja ya uhuru hubaki kuwa kumbukumbu. Binti wa Goguryeo hakuwa na siku moja. Alikuwa na maisha mazima ya kujenga, katika nyumba isiyo yake, kwa mali aliyoibeba mkononi. Anayetaka kujua filamu ya mwaka 1967 ina nasaba gani hana budi kuamua kwanza ni ipi kati ya hadithi hizi mbili inayohusu nyumba ambamo mwanamke huingia.

Dharau ya kundi hili ina mzizi mwingine ambao hausemwi waziwazi. Katika miaka ya 1950 na 1960 palikuwapo nchini Korea jina la kejeli kwa wanawake waliojaa katika majumba ya sinema kutazama hadithi za mapenzi na machozi: waliitwa watazamaji wa viatu vya mpira, kwa sababu ya viatu vya bei nafuu walivyovaa. Jina hilo lilikusudiwa kudhihirisha kwamba filamu zao hazina kichwa wala miguu. Mhakiki anayeitupa filamu kwa sababu ni pendwa, na kwa sababu waliojaza viti vyake walikuwa wanawake wa kawaida, analirudia tusi hilo kwa lugha ya chuo kikuu.

Je, kasri ni gereza?

Kundi la pili lina nia njema, na kwa hiyo makosa yake ni ya hatari zaidi. Kundi hili hudhani kwamba binti mfalme wa Joseon alikuwa mfungwa wa kudumu, na kwamba hatua yake ya kutoka mlangoni ilikuwa uasi. Historia haikubaliani na dhana hiyo.

Katika enzi ya Joseon, iliyoanza mwaka 1392 na kudumu zaidi ya karne tano, binti mfalme hakuishi kasrini maisha yake yote. Aliolewa angali mdogo, kisha akahamia nje. Neno lililotumiwa kuitaja ndoa yake lilikuwa haga, na maana yake ni kuolewa chini, kwa sababu hapakuwa na ukoo mwingine wowote uliolingana na ule wa mfalme. Kutoka nje ya kasri, kwa hiyo, kulikuwa ndiyo desturi yenyewe, na taratibu za dola ziliwekwa kuhakikisha kwamba kunatendeka. Mchumba alitafutwa kwa utaratibu ulioitwa gantaek. Amri ilitolewa kusimamisha ndoa za vijana wa tabaka la mabwana, yaani yangban, hadi uteuzi ukamilike, na wateule wakachujwa kwa awamu tatu. Binti mwenyewe hakuulizwa.

Ukweli huu unabadilisha swali zima. Kinachovunjwa na binti mfalme katika futuhi ya Choi ni utaratibu wa kuchagua. Mlango ungefunguliwa kwa ajili yake siku moja, lakini ungefunguliwa na wengine, kwa wakati wao, kuelekea kwa mtu wao. Yeye anaufungua mapema na kuelekea kwa mtu aliyemwona mwenyewe. Mhakiki anayesema kwamba alitoka gerezani akaingia katika uhuru amekosea mahali pa kosa na ukubwa wake. Uasi wa binti huyu umo katika jicho lake, kabla haujafika miguuni.

Kuna upande mwingine wa desturi hii ambao wahakiki wa ukombozi hawaugusi, nao ni gharama aliyoibeba mwanamume. Mume wa binti mfalme aliitwa buma. Alipewa cheo cha heshima na makazi mazuri, lakini alizuiwa kushika madaraka halisi ya serikali, ili ukoo wake usije ukatumia undugu na kasri kujinyakulia nguvu. Katika karne za mwisho za enzi hiyo hakuruhusiwa hata kuoa mke mwingine baada ya binti mfalme kufariki. Ifikiriwe hali ya msomi kijana aliyekesha miaka mingi akisoma maandishi ya Konfushio kwa ajili ya gwageo, ile mitihani ya dola iliyokuwa njia kuu ya kupata wadhifa. Kwake yeye, kupendwa na binti mfalme ni sawa na kufungiwa mlango wa ofisi ambayo aliandaliwa kuiingia tangu utoto. Mapenzi ya upande mmoja, basi, si kioja cha moyo tu. Upande wa pili una sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo iliwekwa na dola. Filamu inayoweza kuwachekesha watu juu ya jambo zito kama hilo haistahili kuitwa nyepesi.

Ukuta wa pili

Sasa iulizwe: binti mfalme anapotoka, anatokea wapi? Nje ya kasri la Joseon hapakuwa uwanda wa wazi. Nyumba ya bwana wa yangban iligawanywa pande mbili: sarangchae, upande wa wanaume ulioelekea nje, na anchae, upande wa ndani wa wanawake. Mwanamke wa tabaka hilo alipotoka alijifunika vazi kichwani. Wageni waliofika Seoul mwishoni mwa karne ya 19 waliandika kuhusu kengele iliyopigwa usiku kuwaamuru wanaume waingie majumbani, ili wanawake wapate saa chache za kutembea barabarani. Sheria kuu za nchi zilizokamilishwa mwaka 1485 ziliwazuia wana wa mjane aliyeolewa tena kufanya mitihani ya dola, na ruhusa ya wajane kuolewa tena ilitangazwa mwaka 1894 tu. Hii ndiyo dunia ambayo wahakiki wa ukombozi wameiita uhuru.

Choi Eun-hee hakuhitaji kuelezwa hayo na mtu. Katika filamu ya mumewe Shin Sang-ok ya mwaka 1961, Sarangbang sonnim-gwa eomeoni, alikuwa ameigiza mjane kijana anayeishi na binti yake mdogo na mama mkwe, akampenda mgeni aliyepanga katika chumba cha upande wa wanaume, na asipate kuwa naye. Nyumba katika filamu hiyo haina askari wala ngome. Ina ua, mlango wa kuteleza na macho ya watu wa nyumbani, na hayo yanatosha.

Kazi yake ya kwanza ya uelekezi, Min-myeoneuri ya mwaka 1965, ndiyo ufunguo ambao wahakiki wameuacha mezani. Jina lake ni istilahi ya desturi ya kale: msichana wa familia maskini alipelekwa angali mtoto katika nyumba ya wakwe wa baadaye, akalelewa humo na kufanyishwa kazi mpaka umri wa ndoa ufike. Choi aliielekeza filamu hiyo na pia akaigiza nafasi ya msichana mwenyewe. Yaani, kabla hajamleta binti mfalme kwenye pazia, alikuwa amekwisha kumleta mkwe, mwanamke wa tabaka la chini kabisa katika mpangilio wa nyumba ya Kikorea.

Filamu hizi mbili zikitazamwa pamoja hufafanuana. Msichana wa mwaka 1965 anaingizwa katika nyumba ya wengine bila kuulizwa, kwa sababu wazazi wake hawana kitu. Binti wa mwaka 1967 ana kila kitu, na anaitafuta kwa hiari nyumba ya wengine. Mmoja yuko chini kabisa ya ngazi na mwingine juu kabisa, lakini nyumba inayowangoja ni ya namna moja. Futuhi ya mahaba huelekea ndoa, na ndoa katika ulimwengu huu ina maana ya kuwa mkwe wa mtu. Kicheko cha filamu ya pili kina kivuli cha filamu ya kwanza nyuma yake. Mtu anayeitazama ya pili bila kuijua ya kwanza ataona vazi zuri na mahaba. Anayezijua zote mbili atajua ni kwa nini mahaba hayo yana ukingo mkali.

Tena ukuta huo wa pili haukuwa wa kale tu. Kanuni ya Madai ya Korea Kusini iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1960 iliweka mfumo wa hoju, ambao kwao kila familia ilikuwa na kiongozi mmoja, kwa kawaida mwanamume, na watu wake wakaandikwa katika daftari lake. Mwanamke alipoolewa, jina lake liliondolewa katika daftari la baba na kuhamishiwa katika daftari la nyumba ya mume. Kanuni hiyohiyo iliwakataza watu wenye jina moja la ukoo na asili moja kuoana, katazo ambalo Mahakama ya Katiba ililibatilisha mwaka 1997. Mahakama hiyo iliupinga mfumo wa hoju mwaka 2005, na ukafutwa kabisa tarehe 1 Januari 2008. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyekaa katika jumba la sinema mwaka 1967 akimcheka binti mfalme wa karne zilizopita alikuwa yeye mwenyewe chini ya sheria iliyomhamisha kutoka daftari hadi daftari. Hakuwa na kasri la kutoroka. Alikuwa na ukuta wa pili tu, nao ulimngoja nyumbani baada ya taa kuwashwa.

Hapa ndipo usomaji wa ukombozi unapokuwa dhuluma. Ukimwambia mtazamaji huyo kwamba uhuru ulianza pale binti alipotoka kasrini, umemwambia kwamba yeye, asiyewahi kukaa kasrini, amekuwa huru siku zote.

Nani anapenda?

Huenda ikadaiwa kwamba, ikiwa mambo ni hayo, filamu ya Choi ni ya kuhuzunisha, na kwamba umbo la futuhi limeisaliti. Dai hili lina uzito, na lijibiwe kutoka katika jina lenyewe. Gongju ni binti mfalme, na kiambishi -nim ni cha heshima, namna ambavyo mtumishi angemtaja bibi yake. Jjaksarang ni mapenzi ya upande mmoja. Neno jjak hutumiwa kwa kimoja cha vitu viwili viendavyo pamoja, kama kiatu bila mwenzake. Jina la filamu, basi, limemkalisha mtu wa juu kabisa kando ya hali ya aibu kabisa. Aliyezoea kupewa kila kitu ana kiatu kimoja. Ucheshi umo humo, na maana imo humo pia, kwa sababu mwenye mapenzi katika jina hilo ni mwanamke.

Jambo hili si dogo likilinganishwa na hadithi ya mapenzi iliyojulikana zaidi kuliko zote nchini Korea. Mwaka 1961 Shin Sang-ok alitoa Seong Chunhyang, filamu ya rangi na ya pazia pana, na Choi akawa ndiye Chunhyang. Filamu hiyo ilionyeshwa Seoul kwa siku 74 na kutazamwa na zaidi ya watu 350,000. Katika masimulizi hayo, kijana wa mtawala anamwona binti wa gisaeng akicheza pembea, na mapenzi yanaanzia katika macho ya mwanamume. Wajibu wa mwanamke ni kungoja, kukataa matakwa ya mtawala mpya, kupigwa na kutiwa gerezani, ili uaminifu wake uthibitike na apandishwe cheo. Anayepanda ngazi kwa mapenzi hulipa kwa mwili wake. Miaka sita baadaye mwigizaji huyohuyo, akiwa sasa nyuma ya kamera, aligeuza mwelekeo: mwanamke ndiye anayeona, mwanamke ndiye anayefuata, na ngazi inashukwa.

Tanzia isingeweza kubeba mgeuko huo kwa wakati ule. Ushahidi uko karibu. Mwaka 1968 Shin Sang-ok alitoa Naesi, yaani Towashi, hadithi ya msichana anayeingizwa kasrini na kijana ampendaye anayemfuata humo akiwa amehasiwa. Hapo mapenzi yanayovuka ukuta wa kasri yanaadhibiwa kwa ukatili, na mtazamaji anaondoka akiwa ameridhika kwamba sheria ya dunia haivunjwi. Tanzia humpa mwanamke mwenye matamanio heshima kubwa, kisha humzika. Futuhi humwacha hai. Inamruhusu akosee, aaibike, avae visivyo vyake, apotee njia, na bado asubuhi inayofuata awepo. Kwa mwelekezi mwanamke aliyefanya kazi chini ya serikali ya kijeshi iliyotwaa madaraka mwaka 1961, na chini ya Sheria ya Filamu ya mwaka 1962 iliyoyaweka mikononi mwa dola maamuzi ya nani atengeneze filamu na ipi ionyeshwe, kicheko kilikuwa chombo cha kusemea, wala si dalili ya kukosa la kusema.

Wasifu unaomeza kazi

Limebaki kundi la tatu, ambalo pengine lina wafuasi wengi zaidi siku hizi. Sababu inajulikana. Mnamo Januari 1978 Choi Eun-hee alitekwa nyara mjini Hong Kong na kupelekwa Korea Kaskazini kwa amri ya Kim Jong-il. Shin Sang-ok, aliyekuwa ameachana naye mwaka 1976, alifikishwa huko mwaka huohuo. Walikutanishwa mwaka 1983, wakatengeneza filamu kadhaa chini ya mtekaji wao, na Choi akatuzwa mjini Moscow mwaka 1985 kwa uigizaji wake katika filamu ya Sogeum. Mnamo Machi 1986 walitoroka mjini Vienna kwa kuingia ubalozi wa Marekani. Choi alifariki mwaka 2018.

Ni kisa cha ajabu, na kimeandikiwa vitabu. Ubaya huanza pale mhakiki anapokitumia kuwa ndicho kipimo cha kazi zilizotangulia. Binti mfalme wa mwaka 1967 huelezwa kuwa ni bishara ya mfungwa wa mwaka 1978, na kasri la Joseon likawa kivuli cha majumba ya Pyongyang. Usomaji huu unampokonya msanii kazi yake. Unamfanya awe mtu ambaye mambo humtokea, ilhali mwaka 1967 alikuwa mtu anayeyatenda. Aliongoza waigizaji, akachagua mahali pa kamera, akaamua ni wakati gani uso wa Nam Jeong-im ukaribiwe na ni wakati gani uachwe mbali. Alikuwa mwanamke wa tatu tu kuelekeza filamu nchini humo, baada ya Park Nam-ok, aliyetoa Mimangin mwaka 1955 na kuipiga picha huku amembeba mtoto wake mchanga mgongoni, na Hong Eun-won, aliyetoa Yeopansa mwaka 1962. Wanawake watatu katika muda wa miaka 12: hiyo ndiyo nasaba inayomfaa, kwa sababu ni nasaba ya kazi.

Tena iangaliwe wanawake hao walichagua kusimulia nini. Park alisimulia mjane, Hong akasimulia hakimu mwanamke anayekabiliana na nyumba ya wakwe, na Choi akasimulia kwanza mkwe mtoto, halafu binti mfalme. Katika zote hizo, swali ni mwanamke atakaa katika nyumba ya nani na kwa masharti ya nani. Mhakiki aliyeshughulika na kisa cha utekaji nyara haulioni swali hilo, kwa kuwa anamtafuta askari mlangoni, ilhali filamu inaonyesha mama mkwe sebuleni.

Hitimisho

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wana sababu yao ya kulijali suala hili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, umesomwa kwa njia hizohizo za mkato. Wako waliouona kuwa ni mafunzo ya utiifu tu, na wako waliougeuza kuwa tangazo la ukombozi. Mjadala wenye manufaa ulianza pale wahakiki walipouliza mama huyo alizungumza ndani ya nyumba ya aina gani, chini ya sheria gani, na ni nguvu gani zilizobaki mikononi mwa mwanamke aliyeijua nyumba hiyo. Swali hilo ndilo linalodaiwa hapa kwa filamu ya Choi, na linafaa kuulizwa kabla ya neno uhuru au neno wepesi kutamkwa.

Mahitaji ya usomaji wa namna hiyo si makubwa. Anayeandika kuhusu binti mfalme wa Joseon ajue maana ya haga na buma kabla hajaliita kasri gereza. Anayeandika kuhusu filamu ya mwaka 1967 aitazame ile ya mwaka 1965. Anayezungumzia watazamaji aitazame sheria iliyokuwa juu yao siku waliponunua tikiti. Na anayempenda Choi Eun-hee kwa sababu ya mateso yake amheshimu kwanza kwa sababu ya kazi yake, ambayo aliifanya akiwa na akili timamu na mikono iliyo huru.

Mpaka hayo yafanywe, wanafunzi wataendelea kufunzwa kushangilia kila mwanamke anayetoka mlangoni, bila kuuliza ni mlango gani unaofungwa nyuma yake katika nyumba anayoingia. Filamu ya binti mfalme iliuliza swali hilo kwa kicheko zaidi ya nusu karne iliyopita, mbele ya wanawake wa viatu vya mpira, nao hawakuhitaji mhakiki wa kuwafafanulia.